Bwawani unakwenda, baharini umekwama: tafuta chanzo dalili kwa dalili

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu amefanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli, au ametoka Nairobi na muda wake mzuri wa mita 1,000, anaingia baharini hapa Malindi upande wa Silversands au Casuarina, kisha anatoka akitazama saa na kusema nguvu zimemwishia. Kesho yake anaongeza mazoezi. Wiki inayofuata anaongeza tena, bega linaanza kuuma, na dakika ni zile zile.

Wengi wanaolalamika hivyo hawajapungukiwa na nguvu hata kidogo. Kilichobadilika ni kipimo, au kuta, au mkondo, au mstari aliofuata. Kila kimoja kina dalili yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Ndiyo maana nawasihi watu wafuate mpangilio huu: kagua kipimo kwanza, maji baadaye, mwili mwisho. Ukianza na mwili utajichosha bure.

Kabla ya yote: je, namba yenyewe ni ya kweli?

Mabwawa mengi ya hoteli zetu hayakujengwa kwa mashindano. Yana kona na mapindo, mengine yana kisiwa cha mimea katikati, na urefu wake haukuandikwa popote. Unaambiwa ni la mita 25, nawe unaamini. Omba futikamba ya fundi, upime mstari ule ule unaoogelea, ukuta hadi ukuta. Tuseme umeogelea marefu 40 ukidhani ni mita 1,000, kumbe bwawa ni la mita 22. Umeogelea mita 880. Kama ulitumia dakika 20, ile kasi uliyoiita dakika 2 kwa kila mita 100 ni dakika 2 na sekunde 16. Ukija baharini ukapata dakika 2 na sekunde 20, utadhani umeporomoka, na tofauti halisi ni sekunde 4 tu.

Saa ya mkononi nayo inapima kwa njia mbili tofauti. Bwawani haihitaji setilaiti: inahesabu kila unapogeuka, kisha inazidisha kwa urefu wa bwawa uliouweka wewe mwenyewe. Urefu ukiwa wa uongo, na kasi itakuwa ya uongo. Baharini inategemea setilaiti, na ishara za setilaiti hazipenyi maji ya chumvi. Kwa hiyo saa inajua ulipo pale tu mkono unapotoka nje, inapata hapa inakosa pale, na njia inayochorwa inaweza kupindapinda kuliko uliyopita. Anayeogelea mtindo wa chura ndiye anayepata namba za ajabu zaidi, kwa kuwa mikono yake haitoki majini.

Dawa ni rahisi kuliko kununua saa mpya. Maji yakiwa yamepwa, chagua alama mbili ufuoni, tembea na simu mkononi kutoka moja hadi nyingine, upate umbali kwa miguu juu ya mchanga. Kisha ogelea sambamba na kipande hicho hicho, ukitumia saa kwa ajili ya dakika peke yake. Kipande kimoja unachokijua vizuri kina faida kuliko michoro kumi ya setilaiti.

Dalili: bahari imelala, hakuna upepo, na bado kila mita 100 imeongezeka sekunde kadhaa

Angalia kama ongezeko hilo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, halikui kadiri unavyochoka. Kama ndivyo, kinachokosekana ni ukuta.

Kila unapogeuka bwawani unasukuma ukuta kwa miguu miwili, na kwa mita chache unakwenda kasi kuliko mikono yako inavyoweza kukupeleka. Unateleza chini ya uso wa maji, mahali ambapo hutengenezi mawimbi ya kukurudisha nyuma, na mabega yanapumzika. Katika bwawa la mita 25, mita 1,000 zina mageuko 39. Baharini hakuna hata moja.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama waogeleaji bora duniani. Mwaka 2021, Abu Dhabi, Mjerumani Florian Wellbrock aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika bwawa la mita 25: dakika 14 na sekunde 6.88. Mwaka 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Mmarekani Bobby Finke aliweka rekodi ya umbali huo huo katika bwawa la mita 50: dakika 14 na sekunde 30.67. Wote wanaume, wote wa kiwango cha juu kabisa, na mmoja aligeuka mara 59, mwingine mara 29. Zile sekunde 24 kwa sehemu kubwa zimekaa ukutani.

Na Wellbrock huyo huyo, kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, alipata shaba ya mita 1,500 bwawani kwa kasi ya kama sekunde 58.7 kwa kila mita 100, kisha akachukua dhahabu ya kilomita 10 kwenye maji ya wazi kwa saa 1, dakika 48 na sekunde 33.7, yaani kama sekunde 65 kwa kila mita 100. Umbali ni mrefu zaidi, ni kweli, na mbio za kilomita 10 zina hila zake za kuviziana. Lakini ikiwa bingwa wa Olimpiki anaongeza sekunde sita, wewe ukiongeza kumi na tano usiende kutafuta mganga.

Kipimo cha kuthibitisha: rudi bwawani, ogelea mita 400 bila kugusa ukuta. Karibu na mwisho geukia pale pale majini, kama unavyozunguka boya, uanze tena kwa mikono. Muda utakaoupata ndio muda wako wa kwenda nao baharini. Usilinganishe na mwingine.

Dalili: kwenda umehangaika, kurudi umeteleza

Huu ni mkondo, na hapa ndipo penye mengi.

Watu hudhani kwenda na kurudi hufidiana: ulichopoteza ukipanda utakipata ukishuka. Hesabu inakataa. Chukua mwogeleaji wa dakika 2 kwa kila mita 100, yaani karibu mita 0.83 kwa sekunde. Mpe mkondo mdogo tu, mita 0.3 kwa sekunde, ambao ukisimama kwenye maji ya kiuno unauhisi mapajani bila kukuangusha. Mita 500 za kwenda dhidi ya mkondo zitamchukua dakika 15 na sekunde 37. Mita 500 za kurudi, dakika 7 na sekunde 21. Jumla ni karibu dakika 23, na kwenye maji yaliyosimama angetumia 20. Dakika tatu zimepotea, na mtu huyo hajafanya kosa lolote. Sababu ni kwamba unakaa muda mrefu zaidi upande ule unaokudhulumu kuliko upande unaokusaidia.

Utajuaje kabla hujaingia? Tazama vyombo vilivyotia nanga. Chombo kilichofungwa pua hukaa kikitazama kule maji au upepo unakotoka, na vyombo vizito vilivyozama zaidi hufuata maji kuliko upepo. Tazama mwani unaoelea unakwenda wapi. Kisha ukiwa majini, lala chali dakika moja bila kupiga mkono, macho kwenye alama mbili za ufuoni, moja ya karibu na moja ya mbali nyuma yake. Zikiachana upesi, mkondo upo, na umeshajua unaelekea upande gani.

Saa za kuogelea zina siri yake hapa. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila mwendo huchukua kama saa sita na dakika kumi na mbili. Hayaendi kwa kasi moja. Mabaharia hugawanya mwendo mzima mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza maji husogea fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo saa mbili za katikati hubeba nusu ya maji yote. Ukiogelea wakati huo ni tofauti kabisa na kuogelea maji yalipokaribia kusimama.

Sasa weka mwezi ndani yake. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili zinazofuata, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kabisa kama saa nne. Anayependa kuogelea alfajiri, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, anaingia katikati ya kupwa, wakati maji yanakwenda mbio kuliko wakati wowote. Baada ya wiki moja, kwenye maji mafu, saa ile ile maji yanajaa, tena kwa unyonge. Mtu yule yule, ufuo ule ule, saa ile ile ya asubuhi, na dakika zimebadilika. Akidhani ni usingizi au chakula cha jana, atakosa jibu daima. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu anaweza kulijua hili bila kitabu chochote: mwanzo wa mwezi na katikati yake ni bamvua, saba na ishirini na mbili karibu na maji mafu.

Upepo wa msimu nao una mkono wake. Kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, huleta mawimbi kutoka kusini-mashariki na kusukuma maji ya ufuoni kuelekea kaskazini. Kaskazi, kuanzia kama Novemba hadi Machi, hugeuza mambo. Mtu aliyeogelea kutoka Casuarina kuelekea mjini mwezi wa saba akafurahia muda wake, akirudia kipande hicho Januari asishangae.

Jambo la hatari nalitaja kwa uzito wake. Upande wa kusini wa mji, mwamba unakinga ufuo, na maji yanayovuka juu yake lazima yapate njia ya kurudi. Hurudi kupitia milango ya mwamba, hasa yakipwa, na kasi yake milangoni huweza kumshinda mwogeleaji mzuri. Ghuba ya mjini haina mwamba wa kuikinga, mawimbi huingia moja kwa moja, na penye mawimbi ya kuvunjika kuna mikondo ya kuvuta nje. Ukiona ufuo unakimbia ingawa unapiga mikono, acha kupigana nao. Ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, kisha urudi. Usiku wa bamvua, au ukiwa peke yako bila boya na bila mtu ufuoni anayejua umeingia, usiogelee kabisa karibu na milango hiyo.

Ndugu zetu wa Lamu wana somo kali zaidi kuhusu hili, maana mlango kati ya Lamu na Manda huyabana maji, na anayetoka Shela kwenda mjini hupanga safari kwa maji, iwe kwa mashua au kwa mikono yake. Kipande kile kile kinaweza kuwa cha raha au cha kutoka jasho majini.

Ukitaka muda wa kweli wa baharini, pima hivi: siku ya maji mafu, nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kusimama, kipande kifupi, kwenda na kurudi. Andika dakika za kila upande peke yake. Pande mbili zikikaribiana, huo ndio muda wako. Zikiachana sana, umepima bahari.

Dalili: kila ukiinua kichwa, alama imehamia upande mwingine

Bwawani kuna mstari mweusi chini. Baharini hakuna, na mwanadamu asiye na kitu cha kutazama hapiti njia iliyonyooka. Kupinda kidogo kuna gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani: ukiwa digrii 20 nje ya mstari, umbali unaongezeka kama asilimia 6. Ukifika digrii 30, ni zaidi ya asilimia 15, yaani mita 1,000 zinageuka 1,150. Wanaoniudhi ni wale wanaopinda kulia, wakashtuka, wakakata kushoto kwa pembe kubwa, wakashtuka tena. Hao hupoteza kote kuwili.

Chunguza kwanza kama tatizo ni la mwili. Omba bwawa likiwa tupu, funga macho, piga mikono kumi, simama, fumbua. Ukirudia mara kadhaa ukawa unakwenda upande ule ule kila mara, basi mkono mmoja unavuta zaidi, au unapumua upande mmoja tu na mwili unafuata kichwa. Mara nyingi mkono wa upande wa kupumulia huvuka katikati mbele ya paji la uso. Uingize majini mbele ya bega lake, uone.

Kama unanyooka ukiwa umefunga macho, basi tatizo ni namna ya kutazama. Wengi huinua kichwa kizima kama wanaotafuta mtu kwenye umati, miguu inazama, na kila kutazama kunakuwa breki. Inua macho tu hadi usawa wa maji, mdomo ubaki chini. Fanya hivyo mkono wa mbele unapoanza kubana maji, wakati ambapo unakubeba. Tazama, usivute pumzi. Kisha endeleza mzunguko ule ule, geuza uso pembeni, hapo ndipo uvute. Kila baada ya mikono sita hadi kumi inatosha maji yakiwa tulivu. Ukiwa juu ya mgongo wa wimbi unaona mbali. Ukiwa bondeni utaona maji tu, usihangaike, ngoja wimbi lijalo.

Na chukua elimu ya wavuvi wetu. Mvuvi hatafuti mahali pake pa kutega kwa alama moja. Hupanga mbili, ya karibu na ya mbali, na zikikaa mstari mmoja anajua yupo penyewe. Ukiogelea kuelekea mnara mweupe wa Vasco da Gama pale rasini, tafuta kitu kirefu nyuma yake mjini. Alama ya karibu ikionekana imesogea kushoto ya ile ya mbali, wewe umesukumwa kulia. Kwa alama moja tu unaweza kuielekea muda wote huku mkondo unakubeba pembeni, na njia yako ikawa upinde mrefu bila wewe kujua. Mwaka 1875 Matthew Webb alivuka kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa saa 21 na dakika 45. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 33, lakini maji ya kujaa na kupwa yalimzungusha njia ndefu zaidi ya hiyo kwa mbali.

Dalili: dakika tano za kwanza nzuri, kisha pumzi inakatika

Hapa sababu ni mbili na huchanganywa. Tenganisha hivi: je, inatokea hata siku ya maji shwari, au siku ya upepo tu?

Kama ni siku ya upepo tu, ni mawimbi madogo madogo ya kusi yanayopigana na mkono wako. Bwawani uso wa maji uko mahali pamoja kila unapogeuza kichwa. Baharini unageuza kichwa ukakuta maji mdomoni, unaikosa pumzi moja, inayofuata unaivuta kwa pupa, na mdundo wote umevurugika. Jifunze kuvuta pumzi pande zote mbili, kisha uchague upande kwa akili. Kwenye ufuo wetu mawimbi hutoka upande wa bahari misimu yote miwili. Ukielekea kaskazini, mjini, bahari iko kulia kwako, kwa hiyo vuta pumzi kushoto. Ukirudi kusini, vuta kulia. Mkono uurudishe mbele juu kidogo kuliko bwawani ili usikwae kwenye wimbi, na upige mikono ya haraka na mifupi kidogo. Ule mtelezo mrefu mzuri wa bwawani hukatwa na wimbi kabla haujakufaa. Na ingia mapema. Asubuhi upepo huwa haujaamka, na kufikia adhuhuri ghuba imechafuka.

Kama inatokea hata siku shwari, ni hofu, na naomba mtu asione haya kulitaja. Mwogeleaji wa bwawani amezoea kuona chini. Akifika mahali ambapo chini panatoweka, moyo unakimbia, mikono inafuata, na mita 100 za kwanza anazipiga kwa kasi ya mbio fupi. Maji hayasamehe hilo, kwa sababu ukinzani wake hukua haraka kuliko kasi yako: ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani huongezeka karibu mara nne. Kabla ya kuanza, elea dakika nzima. Pulizia pumzi yote majini, taratibu, hadi bega lilegee. Kisha piga mita 200 za kwanza kwa uvivu wa makusudi.

Hofu hiyo huzidi maji yanapokuwa mekundu. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji, na mvua zikinyesha bara huleta udongo mwingi. Wakati wa kaskazi udongo huo husukumwa kusini hadi ndani ya ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi huelekea kaskazini. Ukiwa ndani yake huoni hata kiganja chako kikivuta, unainua kichwa kila mara, na muda unaharibika. Siku kama hizo nenda kusini zaidi, au pumzika. Mlangoni mwa Sabaki kwenyewe usiogelee: kuna viboko na mamba.

Mambo madogo yanayosahaulika

Joto. Maji yetu huwa kati ya digrii 25 na 30 kwa mwaka, ya joto zaidi Machi na Aprili. Bwawa la mashindano huwekwa digrii 25 hadi 28, na shirikisho la dunia haliruhusu mbio za maji ya wazi yakizidi 31. Kwa hiyo muda ukiharibika nusu ya pili mwezi wa tatu, wala huna mkondo wa kulaumu, ni joto na kiu. Kunywa maji kabla ya kuingia. Suti nzito za baridi wanazovaa Wazungu kwao usizivae hapa.

Mavazi. Dada zetu wengi huogelea wamejisitiri, na ni haki yao. Leso na gauni pana hushika maji kila mkono unapopita, na kasi inayopotea ni kubwa kuliko kasoro yoyote ya mtindo. Vazi la kuogelea la mwili mzima linalobana kidogo mikononi na miguuni husitiri vile vile na kuondoa mzigo huo. Kaka zangu wa kaptura pana zenye mifuko, nanyi mmo.

Boya la kuvuta: kamba iwe fupi vya kutosha lisigonge miguu, na usiliache nyumbani kwa ajili ya sekunde. Boti za watalii zinazokwenda hifadhi ya bahari hupita kasi, na nahodha haoni kichwa cheusi kwenye maji yanayometa.

Dalili: baharini una kasi kuliko bwawani

Hili nalo huniletea maswali, hasa kutoka kwa vijana. Kagua mkondo kwanza: kipande cha upande mmoja tu si ushahidi. Kisha uliza kama ulikuwa nyuma ya mtu. Anayeogelea mgongoni mwa mwenzake, karibu na vidole vya miguu yake au ubavuni usawa wa nyonga, hukatiwa maji na hutumia nguvu pungufu kwa kasi ile ile. Hilo ni halali na ni ujuzi, ila usilihesabu kuwa lako.

Baada ya hapo ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama gramu 1,025, ya maji baridi kama 1,000. Asilimia mbili na nusu zinaonekana ndogo, lakini zinakuinua, na zinamsaidia zaidi yule ambaye miguu yake huzama. Kama hii ndiyo sababu kwako, umepewa habari muhimu kuhusu mtindo wako: bwawani unaburuta miguu. Kandamiza kifua majini kidogo, tazama chini badala ya mbele, na upige miguu midogo isiyokatika.

Kinachonigusa zaidi ni hatima ya vijana waliokulia ufuoni. Kijana anayejua kila jiwe la mwamba, aliyewahi kumtoa mtu majini, anaitwa kupimwa bwawani kwa kazi ya uokoaji na anatoka wa mwisho. Anarudi nyumbani akiamini hajui kuogelea. Anajua. Hajawahi kukutana na ukuta tu. Kila akifika mwisho anasimama, anashika ukingo, anafuta macho yanayowashwa na dawa ya maji, anaanza upya kutoka sifuri.

Kijana wa namna hiyo asipoteze wiki zake kwa kuongeza umbali. Ajifunze kugeuka. Si lazima ajipindue kichwa chini. Kugeuka kwa mkono kunatosha. Fikia ukuta bila kupunguza mikono, gusa kwa mkono mmoja, vuta magoti tumboni, mkono mwingine uwe umeshaelekea unakorudi, nyayo zikigusa ukuta lala ubavu, zama kidogo, ndipo usukume. Baki umenyooka chini ya maji mpaka uhisi kasi inaanza kufa, kisha mkono wa kwanza. Kila geuko likimwokolea sekunde 2, kwenye mita 400 za bwawa la mita 25 ana mageuko 15, yaani nusu dakika, na hajaongeza nguvu yoyote. Avae miwani ya kuogelea ili macho yasimsumbue. Na siku chache kabla ya kupimwa aulize bwawa hilo lina urefu gani, aende akazoee kuta zake, au za lingine la urefu huo huo.